Nani Amwonaye Mtoto Baada ya Magharibi?

Mzazi wa pwani akiambiwa kwamba mwanawe amepata nafasi katika chuo cha bara, swali lake la kwanza haliwi juu ya masomo. Haulizi maktaba ina vitabu vingapi, wala wahadhiri wamesomea nchi gani. Huuliza mtoto atalala wapi, atakula nini, na nani atakayemwona baada ya magharibi. Wako wasomi wetu wanaoyacheka maswali hayo, wakayaita maswali ya watu waliobaki nyuma. Mimi naona ndiyo maswali yenyewe. Tena huulizwa pia na watu ambao sisi hatuwadhanii kabisa: wazazi wa Kapsokwony, juu kule katika mteremko wa Mlima Elgon. Mwana wao akipelekwa Mombasa, wao hukosa usingizi vile vile kama tuukosavyo sisi wetu akipelekwa Bungoma.

Kwa msomaji ambaye hajafika pande hizo, Kapsokwony ni mji mdogo, na ndio makao ya serikali kwa sehemu ya Mlima Elgon katika kaunti ya Bungoma. Mtu hupanda kutoka Kimilili, na kadiri apandavyo ndivyo baridi inavyomwingia, hata yule wa kwetu aliyezoea kikoi na shati jepesi hutamani blanketi mchana. Wenyeji wake wengi ni Wasabaoti, ambao ni ndugu na Wasebei wa upande wa Uganda. Majirani zao wa chini ni Wabukusu. Kilele kikuu cha mlima huo, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda, lakini mvua yake hainyimi upande wowote. Ardhi ni nzuri. Mahindi, viazi, vitunguu, maharagwe na kahawa ndivyo viwapavyo watu riziki, na karo ya mtoto hutoka humo humo: leo gunia la vitunguu, kesho ndama, na mwaka mbaya kipande cha shamba hukodishwa.

Chuo kikuu hakiko hapo. Mtoto wa Kapsokwony atakaye shahada hana budi kushuka. Na kushuka huko si lazima kuwe kwa hiari yake wala ya mzazi wake, maana tangu sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012 iko bodi moja ya serikali ya kuwapangia vijana vyuo, kwa kutazama alama zao na chaguo walizojaza. Bodi hiyo haiulizi kabila, wala dini, wala nauli. Mwenye alama za juu hupata alichokitaka. Mwenye alama za kati hupata palipobaki. Kwa njia hiyo kijana wa Faza hujikuta Kibabii, na kijana wa Kapsokwony hujikuta Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, mahali ambapo pengine hata jina lake alikuwa hajalisikia nyumbani kwao. Baina yao ni kilomita zaidi ya 800, na wazazi pande zote mbili wanaitazama karatasi ile ile kwa jicho la wasiwasi.

Neno chuo lenyewe lina habari zake. Kwa wazee wetu chuo kilikuwa kitabu, kisha kikawa mahali pasomwapo kitabu hicho, barazani kwa mwalimu, watoto ishirini au thelathini wameketi mkekani na mbao zao. Hakuna chuo kilichokuwa kidogo kuliko hicho. Mwalimu aliwajua watoto wote na baba zao, na mtoto akionekana anaogelea wakati wa darasa habari zilimfikia mwalimu kabla ya nguo kukauka. Mzazi wa pwani amelelewa na fikira hiyo, kwamba kumpeleka mtoto chuoni ni kumtoa katika mikono fulani na kumtia katika mikono mingine. Ndiyo maana Riyadha ya Lamu, iliyoasisiwa na Habib Saleh zaidi ya miaka 100 iliyopita, iliweza kupokea vijana kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki bila wazazi wao kuhangaika sana: walijua mtoto anakula sinia gani, na anasali nyuma ya nani. Na MIOME, chuo cha ufundi cha Waislamu kilichofunguliwa Mombasa mwaka 1951, kilipata vijana kwa kuwa wazazi waliamini kwamba mtoto atajifunza mashine bila kusahau sala. Leo mahali pale pa Tudor ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, chenye hati yake tangu mwaka 2013, na anayekwenda kusoma hapo aghalabu hutafuta chumba mitaani.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na si Mombasa tu.

Chukua Kibabii. Chuo hiki kiko karibu na mji wa Bungoma, katika barabara ya kwenda Chwele, pahala palipojulikana kwanza kwa chuo cha walimu. Mwaka 2011 kilifanywa chuo kishiriki cha Masinde Muliro, na mwaka 2015 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Masinde Muliro chenyewe asili yake ni WECO ya Kakamega, iliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa harambee, watu wa Magharibi wakichanga fedha wapate chuo chao wenyewe. Kwa hiyo mzee wa huko anaposema chuo chetu hasemi kwa majigambo matupu. Yeye anakitazama chuo kama shule ya kijiji iliyokua ikavaa joho, na anatazamia kitamlinda mtoto kama shule ilivyomlinda.

Lakini chuo kikuu si shule ya bweni. Shuleni kengele hulia saa tatu usiku, taa huzimwa, na mwalimu wa zamu hupita akihesabu vitanda. Vyuo vyetu vya leo vimepokea vijana wengi kuliko vitanda vilivyojengwa, na waliokosa vitanda hupanga vyumba nje ya lango. Wenye mashamba jirani wamejenga ploti, safu za vyumba vya futi kumi kwa kumi, wakaziita hosteli. Hosteli hizo nyingi hazina mlezi, wala daftari la kutoka na kuingia. Mwenye nyumba anayo shughuli moja tu hapo, nayo hufika mwisho wa mwezi. Mvulana hupanga chumba cha kwanza, msichana cha pili, na baada ya muhula mmoja chumba kimoja hubaki kitupu kwa kuwa wapangaji wameona ni afadhali kulipa kodi moja. Watu wa bara wanalo jina la ndoa za namna hii, huziita njoo-tukae. Sisi tuna majina makali zaidi.

Basi mzazi wa mlimani anasemaje? Wamegawanyika, na mgawanyiko wao ndio ulionivuta.

Wako wanaotaka chuo kidogo kilicho karibu. Hoja yao ni ya tumboni na ya mfukoni kwa pamoja. Mtoto aliye Kibabii au katika chuo cha ufundi cha Kitale, ambacho mwaka 2016 kilipandishwa cheo kuwa Politekniki ya Taifa, huweza kurudi nyumbani Ijumaa na kuondoka Jumapili na unga, viazi, maharagwe na chupa ya maziwa. Mfuko wa unga kutoka nyumbani ni shilingi zisizotoka. Tena mama muuza vitunguu sokoni Kapsokwony anajua kwamba katika kila matatu ishukayo Bungoma yupo mtu amjuaye mwanawe. Akimwona mahali pasipofaa, salamu zitapanda mlima jioni hiyo hiyo. Huo kwake ndio ulezi, na haulipiwi karo.

Hata hivyo mambo ya karibu yana taabu zake, na wazazi wengine wa huko huko huzieleza waziwazi. Kijana aliye karibu haachwi asome. Viazi vikikomaa ataitwa, mahindi yakivunwa ataitwa, na ikiwa ni msichana ataitwa hata mdogo wake akiugua. Asomaye mbali hana kilio hicho. Isitoshe, chuo kidogo kilichojaa watoto wa wilaya moja huweza kuwa ni kijiji kile kile alichokitoka, na watu wake wale wale, na magomvi yake yale yale. Tume ya Utangamano ya Kenya iliwahi kuvikagua vyuo vya umma na kulalamika kwamba vingi vimejaza kazini watu wa mahali vilipo. Mtoto aliyekulia kwa Wasabaoti, akasoma na Wasabaoti na Wabukusu, akarudi kufundisha hapo hapo, Kenya ataijulia wapi?

Na iko sababu nyingine, nzito kuliko hizi, ambayo mtu wa pwani huenda asiifikirie. Kati ya mwaka 2006 na 2008 mlima ule ulikuwa hauna usiku wala mchana. Ugomvi wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi la wapiganaji lililojiita jeshi la kulinda ardhi ya Wasabaoti. Kundi hilo liliua, likatoza watu kodi, na likachukua vijana kwa nguvu. Mwezi Machi 2008 jeshi la serikali likapanda kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, likakamata wanaume na wavulana kwa maelfu, na kambi ya Kapkota ikawa jina la kutisha kutokana na mateso waliyoyasimulia waliopita hapo. Waliokufa katika miaka hiyo ni mamia. Kwa mzazi aliyekuwa na mwana wa miaka kumi na sita wakati ule, nyumbani ndipo palipokuwa pa hatari. Kundi likimkuta humchukua, na jeshi likimkuta humchukua vile vile. Aliyekuwa na uwezo alimpeleka mwanawe shule ya mbali, na kila kilomita ilikuwa ni shukrani.

Vijana wa wakati ule leo ni baba na mama, na watoto wao wakubwa wanafikia umri wa chuo. Mzazi wa namna hii akiambiwa mtoto amepangiwa Kilifi hapati hofu peke yake. Kuna pumzi anayoishusha pia. Huyo simwelewi vibaya. Lakini hata yeye, pumzi ikiisha kushuka, huanza kuuliza. Ameambiwa kwamba pwani ni joto, ni majini, ni madawa ya kulevya, na kwamba vijana huko hulala mchana. Atauliza mwanawe atapata wapi ugali wa maana. Atauliza kama watamsilimisha. Tusicheke. Na sisi je, tunapoambiwa Bungoma, si tunauliza kama watamtia mtoto kanisani?

Kwa mzazi wa Kiislamu aliyepangiwa huko, yapo mambo ambayo ni vyema ayajue kabla ya kulia. Uislamu haukufika Magharibi jana. Misafara ya wazee wetu ilikuwa ikipita Mumias tangu karne ya 19, Nabongo Mumia mwenyewe alisilimu, na mji ule, ambao hauko mbali na Bungoma, una Waislamu wa vizazi kadhaa na Kiswahili chao. Miji ya Bungoma na Kitale ina misikiti. Nyama haina shida kubwa kama watu wanavyodhani, kwa kuwa katika machinjio mengi ya Kenya mchinjaji huwa ni Mwislamu, ingawa mwanafunzi mwenye busara atauliza bucha yake. Shida iko kwenye saa. Ratiba ya masomo huweza kuweka somo saa saba mchana siku ya Ijumaa. Na mwezi wa Ramadhani, mtoto aliyezoea kuamshwa na mama kwa daku, akakuta wali umeiva na mchuzi unachemka, itambidi aamke peke yake katika chumba cha futi kumi, ajiwashie jiko lake la gesi, ale mkate na chai, kisha asubuhi aende kufanya mtihani. Wenye bahati hukutana watatu wanne wakawa wanapika pamoja, huyu daku, yule futari. Nimewasikia wengi waliosoma bara wakisema kwamba dini yao waliijua hasa huko, walipokuwa hawana wa kuwaamsha. Na wako ambao hawakuamka.

Sasa, wazazi wengi, wa mlimani na wa pwani, hudhani kwamba dawa ni chuo kidogo. Udogo una maana yake, na mfano ulio bora uko mbali kidogo. Mwaka 1959 ndege iliyotokana na juhudi za Tom Mboya iliwachukua wanafunzi 81 kwenda Marekani, na wengine mamia wakafuata. Wengi wao hawakwenda vyuo vikubwa vyenye majina. Walipokewa na vyuo vidogo vya miji midogo, vya wanafunzi mia kadhaa au elfu moja, ambavyo Marekani inavyo kwa wingi. Wangari Maathai, binti wa mkulima wa Nyeri, alifika mwaka 1960 katika chuo cha Mount St. Scholastica, mji wa Atchison, jimbo la Kansas, kilichokuwa cha wasichana na kikiendeshwa na masista. Alitoka na shahada ya biolojia mwaka 1964, na mwaka 2004 dunia ikampa tuzo ya Nobel ya Amani. Alikuwa amesomeshwa na masista Kenya kabla ya hapo, kwa hiyo wazee wake walimtoa katika mikono waliyoijua, akapokewa na mikono ya namna ile ile. Kansas au Limuru, kwao lililo kubwa lilikuwa hilo.

Katika vyuo vya jinsi ile, mwanafunzi hulala ndani ya uwanja, mwalimu humjua kwa jina, na masomo huwa mapana: lugha, historia, falsafa, hesabu, sayansi, kabla kijana hajajifunga na kazi moja. Hili la mwisho mzazi wetu halipendi. Mlimani na pwani swali ni moja: akimaliza atakuwa nani? Mwalimu, muuguzi, mhasibu, hayo ni majibu. Falsafa si jibu. Kwa upande wa mlimani sishangai, ndama haliuzwi ili mtoto akasome mambo yasiyo na jina. Lakini sisi wa pwani tumesahau upesi. Shehe wa zamani alisoma lugha, fikihi, hesabu za mirathi, falaki na mashairi, na hakuna aliyemuuliza atakuwa nani. Aliulizwa anajua nini.

Upande wa pili wa mlima huo huo, chini ya mteremko wa Uganda, kipo chuo ambacho wazazi wengi wa Kiislamu wa Kenya hukitaja kama jibu la maswali yote. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale ni tunda la azimio la mkutano wa nchi za Kiislamu huko Lahore mwaka 1974, nacho kilifungua milango yake mwaka 1988 kikiwa na wanafunzi 80 tu. Wanafunzi 80! Hapo mwalimu angeweza kuwajua hata mwendo wao. Kimekua tangu hapo, kimepata matawi, na moja kati yao, lile la Kabojja mjini Kampala, ni la wasichana peke yao. Huwapokea Waislamu na wasio Waislamu, mavazi yana kanuni, na msikiti haukuwekwa pembeni. Mzazi wa Mombasa hupumua akilisikia jina hilo. Lakini bodi ya Kenya haimpangii mtu huko, karo ya nchi jirani hutoka mfukoni, na wengi wetu mfuko tunaujua. Ya pili ni kwamba kanuni ya mavazi hutazama nguo. Mtoto hutazamwa na mtu, na chuo kikiisha kuwa cha maelfu, mtu huyo hupungua, hata jina la chuo likiwa tukufu namna gani.

Kwa maoni yangu wazazi wanabishana juu ya ukubwa wa chuo na umbali wake, na hayo mawili si wao wanaoyaamua. Lililo mikononi mwao ni kile chumba. Mzazi huuza ng'ombe au mkufu wa dhahabu kwa ajili ya karo, kisha chumba humwachia kijana wa miaka kumi na minane akichague siku ya kwanza, na begi mkononi, akiwa na dalali anayemharakisha. Chumba ndicho kitakachoamua jirani yake ni nani, anarudi saa ngapi, na kama msikiti uko hatua mia au nusu saa ya pikipiki. Nauli ya baba kwenda Bungoma na kurudi ni kubwa, nakubali. Lakini huyo baba ndiye aliyekwenda mara tatu kutazama kiwanja kabla ya kukinunua. Na asiyeweza kwenda anaweza kuuliza: imamu wa msikiti wa mji, mwalimu wa madrasa, Mswahili mwenye duka. Watu hao wapo, na wengi wao wamewahi kuombwa jambo hilo wakalifanya kwa moyo. Hali kadhalika, mzazi wa Kapsokwony akimleta mwanawe Kilifi au Tudor, mtu wa kuulizwa ni sisi. Kodi ya vyumba vile vya nje ya lango huingia nyumba zetu, na mtoto wa watu anayepanga hapo hana mlezi mwingine mtaani.

Serikali nayo mwaka 2023 ilibadili mtindo wa kulipia masomo, ikazigawa familia kwa madaraja ya uwezo, na mambo yakafika mahakamani. Wakati wakubwa wakibishana, wazazi wamebaki na simu. Fedha ya chakula hutumwa kwa simu, kodi hutumwa kwa simu, na ulezi pia sasa hufanywa kwa simu, aghalabu baada ya isha, wakati kazi zimekwisha. Mtoto hujibu kwamba yuko chumbani anasoma. Baba hushukuru akakata. Mama huwa hakati upesi. Huuliza habari za baridi, habari za mvua, amekula nini, na huku anajibiwa yeye yuko kimya, anasikiliza kuna sauti gani nyingine ndani ya chumba kile.